Konyeza wa Kichwa Chini: Safari ya Bamvua kutoka Lindi hadi Msimbati

Jumamosi, Lindi mjini

Mwezi ulikuwa mpevu jana, kwa hiyo wiki inaanza na bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Huku kusini mwezi ukiwa mpevu maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na tena karibu saa nne usiku, kisha kila siku inayofuata huchelewa dakika arobaini, hamsini, na yakikaribia maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, huchelewa zaidi. Kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua bahari hushuka zaidi ya mita 3. Safari nimeipanga kwa saa za maji. Mabasi na mitumbwi itafuata.

Ninayemfuata ni konyeza, mnyama laini wa baharini mwenye umbo la mwavuli, wengine humwita kiwavi, ambaye watu wengi wa pwani wamemwona na wachache wamemtazama. Konyeza wengine huelea. Huyu hulala chini, kwenye tope na nyasi bahari, mgongo wa mwavuli wake ukiwa umeshika ardhi na mikono imeelekea juu. Wataalamu humweka katika jenasi ya Cassiopea. Yule wa bahari za upande wetu, Cassiopea andromeda, aliandikwa kwanza na Peter Forsskål, aliyemkuta Bahari ya Shamu akiwa katika msafara wa mfalme wa Denmark. Forsskål alifariki Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa na mwenzake wa msafara, Carsten Niebuhr, mwaka 1775. Hadi leo spishi za jenasi hii zinafanana kiasi kwamba kuzitenganisha kwa uhakika kunahitaji vipimo vya jeni, kwa hiyo katika kumbukumbu hizi nitamwita konyeza wa kichwa chini, basi.

Ninafundisha baiolojia. Nikifika kwenye kundi la wanyama wenye seli za kuchoma huwa ninachora haidra ubaoni, mdudu wa madimbwi ya maji baridi ambaye wanafunzi wangu hawajapata kumwona, na ng'ambo ya mkono wa bahari kuna ndugu yake anayeweza kufikia upana wa sentimita 30. Jambo hilo limenikera muda mrefu. Likizo hii nimeamua kuanza Kitunda na kwenda kusini hadi nimwone vizuri: mchana, usiku, na kama Mungu akijalia, katika umbo lake la utotoni, ambalo ni dogo kuliko punje ya mtama na hukaa mahali ambapo hakuna anayepatazama.

Jumapili, Kitunda

Tumevuka asubuhi. Mto Lukuledi unamwaga maji yake hapa, na ng'ambo mikoko imeshika ukingo wote. Mjomba alinisubiri gatini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutafuta kiwavi? Watu huja kutafuta kamba."

Mjomba anavua kwa jarife na anaijua mikoko hii mti kwa mti. Alinipitisha katikati ya mililana hadi kwenye vidimbwi vinavyobaki maji yakishatoka, vina vya magotini hivi, maji yake yametulia na yamepata moto wa jua. Konyeza walikuwa humo. Wadogo kwa wakubwa, wamelala mmoja pembeni ya mwenzake, rangi ya kahawia inayoingia ukijani, na kwenye kingo za mwavuli mabaka meupe. Kila mmoja ana mikono minane, na kila mkono umegawanyika na kugawanyika tena mpaka umechanua kama koliflawa. Konyeza aliyekomaa wa aina hii hana kinywa kimoja cha katikati. Ana vinywa vidogo vingi mno, vimetapakaa kwenye matawi ya mikono.

"Hawa wamekufa," mjomba akasema. "Maji yamewapindua."

Nikamwomba achuchumae atazame kingo za mwavuli. Zilikuwa zinabana na kuachia, zinabana na kuachia, bila kukoma, na takataka ndogo za majini zilikuwa zikivutwa kutoka pembeni na kurushwa juu kupita kwenye mikono. Mjomba alitazama kwa muda mrefu. Nikachukua mmoja taratibu kwa ubao wa kuchotea maji, nikamgeuza mwavuli juu. Akapiga mapigo machache, akazunguka, akashuka chini na kulala vilevile alivyokuwa, mikono juu.

Analala hivyo kwa sababu anafuga. Ndani ya nyama ya mikono yake wamo mwani wadogo wa chembe moja wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na sehemu kubwa ya sukari wanayotengeneza huenda kwa mwenyeji wao. Yeye huwapa makazi na mabaki ya mmeng'enyo wake, ambayo kwao ni mbolea. Hugo Freudenthal alipotoa jina la kisayansi la mwani hao mwaka 1962, Symbiodinium microadriaticum, aliwatoa kwa konyeza wa jenasi hii hii. Ukoo huohuo wa mwani ndio unaolisha matumbawe. Matumbawe yanapopata joto kupita kiasi hupoteza mwani wao na kugeuka meupe, jambo lililoua matumbawe mengi upande huu wa Bahari ya Hindi mwaka 1998. Ukipatazama kidimbwi cha Kitunda umetazama mapatano yaleyale yanayoshikilia miamba ya bahari, ila hapa hayahitaji kuzamia. Unachuchumaa tu.

Jua peke yake halimtoshi. Mapigo yale huleta pia wanyama wadogo wanaoelea, na mikono huwakamata kwa seli za kuchoma. Kila seli ina kifuko chenye uzi uliojikunja ndani kwa shinikizo kubwa. Kitu kikigusa, kifuko hufunguka na uzi huruka nje ukiwa na sumu. Kwa haidra, waliopima wamekuta tendo hilo linakamilika ndani ya muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hakuna msuli wa mnyama yeyote unaoweza kwenda kwa kasi hiyo.

Wanawake waliokuwa wakiokota tondo walitupita, mmoja akiwa mkaza mjomba. Nilipomweleza ninachofanya alinijibu jambo ambalo nimelisikia pia Sudi na Mchinga.

"Hapo msikae sana. Maji yenyewe yanawasha. Humgusi mtu, hugusi kitu, ukitoka miguu inakuwaka."

Wapo waliowahi kuwajibu wanawake hawa kwamba ni ngozi zao, au ni chumvi. Wamekosewa heshima. Mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa na Cheryl Ames lilieleza chanzo chake: konyeza huyu hutoa ute, na ndani ya ute huo mna vidonge vidogo sana, vikubwa vyake kama nusu milimita, vilivyofunikwa kwa seli za kuchoma. Vina vinyweleo vinavyovizungusha majini, kwa hiyo huenda vyenyewe vikimwacha konyeza alipolala. Uduvi mchanga akikigusa kimoja hufa. Binadamu akipita kwenye maji yaliyojaa vidonge hivyo ngozi inawasha bila kumgusa mnyama. Nilimsimulia mkaza mjomba habari hii yote, naye akasikiliza ndoo ikiwa kichwani.

"Sisi tulishasema," akajibu, akaendelea na njia yake.

Jumatatu, Mikindani

Nimeondoka Lindi kwa basi la kwanza. Barabara ya Mtwara ni kilomita mia na kitu, lami, na kabla ya saa nne nilikuwa nimeshuka Mikindani. Ghuba ya hapa imejifunga, mdomo mwembamba na tumbo pana, ndiyo maana vyombo vya kale viliipenda. David Livingstone aliingilia hapa mwaka 1866 kwenda bara. Kwa konyeza faida ya ghuba ya namna hii ni maji yasiyo na mawimbi: mnyama anayekaa kwa kugandamiza mgongo wake kwenye mchanga hawezi kustahimili pwani inayopigwa na kusi.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Alinipokea stendi na kunibebea begi.

"Mama mdogo, mimi nitahesabu, wewe uandike."

Maji yalipwa karibu na saa tano u nusu. Tulimchagua konyeza mwenye upana wa sahani ndogo, kwenye nyasi bahari zilizobaki na maji ya kina cha mkono, tukaweka kijiti kando yake tusije tukampoteza. Mpwa wangu akawa anahesabu mapigo kwa saa ya simu. Ilikuwa hamsini na kitu kwa dakika, na tulipomrudia baadaye ilikuwa bado hamsini na kitu. Wadogo zaidi walikuwa wanakwenda mbio kuliko yeye. Hiyo ni kawaida yao: kadiri mwavuli unavyopanuka, ndivyo mapigo yanavyopungua.

Mchana tulikula wali na samaki kwa dada, tukalala kidogo. Usiku, saa tano na robo, tulirudi na tochi tuliyoifunga kitambaa chekundu. Mwezi ulikuwa haujapungua sana, na kijiti kilionekana kwa mbali.

Hapa ndipo moyo wangu ulipokuwa tangu nilipoifikiria safari hii. Mwaka 2017 vijana watatu wa Taasisi ya Teknolojia ya California, Ravi Nath, Claire Bedbrook na Michael Abrams, pamoja na wenzao, walitoa utafiti uliosema konyeza wa jenasi hii hulala usingizi. Hana ubongo. Ana mtandao wa neva ulioenea mwilini, na ukingoni mwa mwavuli ana viungo vidogo vya hisia, mara nyingi 16, ambavyo ndivyo vinavyoanzisha mapigo. Watafiti walihesabu mapigo ya mchana na ya usiku: wastani wa 1,155 kwa kila dakika 20 mchana, na 781 usiku. Hiyo ni kutoka kama 58 kwa dakika hadi kama 39.

Kupunguza mwendo si usingizi, hata saa inayoishiwa betri hupunguza mwendo. Kwa hiyo waliwajaribu. Walimweka konyeza juu ya chujio ndani ya maji, kisha wakalishusha chujio ghafla akabaki anaelea bila sakafu. Mchana huanza kuogelea kwenda chini mara moja. Usiku alichelewa kwanza, mithili ya mtu anayezinduliwa, lakini akishazinduka, ukirudia mara moja hachelewi tena. Kisha wakawanyima usingizi: walikuwa wanawapulizia maji kwa sekunde 10 kila baada ya dakika 20, usiku, wasitulie. Kesho yake mchana, saa ambazo kwa kawaida wangekuwa wamechangamka, walikuwa wamezubaa. Wakiachwa wakalala, siku inayofuata hurudi hali yao. Zaidi ya hayo melatonini, homoni inayotusaidia sisi kulala, iliwatuliza na wao.

Tulimkuta yuleyule kando ya kijiti. Mpwa wangu alihesabu kwa kunong'ona. Thelathini na kitu. Na si kwamba mapigo yalienda polepole kwa usawa: yalikuja mfululizo, halafu kimya cha sekunde kadhaa, halafu yakaja tena. Mchana hakuwa na vimya hivyo virefu.

"Sasa kama hana ubongo, anapumzisha nini?"

Swali hilo ndilo lililofanya utafiti ule uzungumzwe dunia nzima. Tumezoea kufundisha kwamba usingizi ni kazi ya ubongo. Ukoo wa konyeza una zaidi ya miaka milioni 500 baharini, na ulitengana na ukoo wetu kabla ya kuwapo kiumbe chochote chenye ubongo. Ikiwa na yeye analala, inaelekea usingizi ni mkongwe kuliko ubongo, na hitaji lake liko kwenye seli za neva zenyewe. Nilimjibu hivyo mpwa wangu. Akanyamaza, akahesabu dakika nyingine bila kuambiwa.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimsimulia na habari ya Alfred Mayer. Mmarekani huyu alifanya kazi kwenye visiwa vya Dry Tortugas, Florida, na mwaka 1906 alitoa majaribio aliyofanya kwa konyeza wa kichwa chini. Alikata mwavuli kuwa pete na kuondoa viungo vyote vinavyoanzisha mapigo. Pete ikatulia. Akaichokoza kwa namna fulani, na wimbi la mbano likaanza kuzunguka pete, likifika lilikoanzia linaendelea tena, mzunguko baada ya mzunguko, bila kitu cha kuliamrisha. Wataalamu wa moyo walilichukua wazo hilo. George Mines aliliendeleza miaka michache baadaye kwa misuli ya moyo, na leo daktari akimweleza mgonjwa kwamba moyo wake unakwenda mbio kwa sababu umeme unazunguka njia isiyotakiwa, anaeleza jambo ambalo lilionekana wazi kwanza kwenye kipande cha konyeza. Shangazi yetu mmoja anatibiwa ugonjwa huo, na mpwa wangu anamfahamu vizuri. Nadhani ndiyo maana alitaka nirudie maelezo mpaka yakamwingia.

Jumanne, Mikindani bado

Leo maji yamepwa saa sita mchana na jua lilikuwa kali. Tulizunguka upande wa mikoko.

Niliona kitu nilichokuwa nimekisoma tu. Kwenye mchanga mwororo, pale konyeza alipokuwa amelala na mpwa wangu akamsogeza kwa ubao, pamebaki duara safi. Kubana na kuachia kwa mwavuli hakusukumi tu maji ya juu, kunavuta pia maji yaliyojificha katikati ya chembe za mchanga na kuyapandisha yakiwa na naitrojeni na fosforasi ya vitu vilivyooza. Watafiti waliofanya kazi Ghuba ya Aqaba walilipima hilo. Kwa hiyo pale alipo anawapa mwani wake mbolea kutoka ardhini, na sehemu inakwenda kwa majirani. Ukiwa na mamia kwenye ghuba iliyojifunga, kazi hiyo si ndogo.

Upande wa pili wa jambo hilohilo: kule Bahama walikuta konyeza hawa wengi na wakubwa zaidi kwenye ghuba zilizo karibu na makazi ya watu, ambako maji taka huongeza virutubisho. Nimelikumbuka nilipoona mtaro unaoishia ufukweni. Wingi wa konyeza si lazima uwe habari njema kwa ghuba, na ningependa mtu awahesabu hapa mwaka hadi mwaka.

Mama mmoja mkulima wa mwani alitukuta tumeinama. Alikuwa amevaa soksi nene na viatu vya mpira.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hao ndio wanaotuchoma mapaja tukifunga kamba. Dawa yake nini?"

Nilimweleza ninachokijua. Mchomo wa huyu kwa watu wengi ni wa kuwasha na vipele, haufiki makali ya konyeza wa mchemraba, ambaye anaweza kuua. Usisugue kwa mchanga, kwa sababu seli ambazo hazijafyatuka zitafyatuka. Suuza kwa maji ya bahari, ondoa mabaki yaliyonasa, kisha loweka kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, si ya kuunguza, kwa muda wa kama dakika 20. Mkojo hausaidii. Mtu akianza kubanwa pumzi, akivimba uso au akitapika, apelekwe hospitali bila kungoja. Akauliza tena kama soksi anazovaa zinafaa. Zinafaa sana. Uzi ule ni mfupi mno, kitambaa kikiwa kizito haufiki kwenye ngozi.

Kisha akatuambia kwamba amewahi kumwona kaa anayetembea na konyeza mgongoni. Mpwa wangu alicheka, mimi sikucheka. Yuko kaa wa bahari hizi, Dorippe frascone, ambaye miguu yake ya nyuma imegeuka kuwa ndoana za kubebea vitu, na watu wamemkuta mara nyingi akiwa amebeba urchini wa miiba au konyeza wa kichwa chini awe ngao yake. Nilimwomba mama atuonyeshe mahali alipomwona. Tulitafuta mpaka maji yakaanza kurudi, hatukumpata.

Jumatano, Msangamkuu

Siku fupi. Tumevuka na kivuko kutoka Mtwara mjini. Maji ya mlango wa bandari yana kina na mkondo, si mahali pa konyeza wetu, ila kwenye kivuli cha gati waliopita walikuwa konyeza wa mwezi, wale waangavu wenye duara nne ndani ya mwavuli. Duara hizo ni viungo vyao vya uzazi. Abiria kadhaa walisogea kutazama.

Mvuvi mmoja mzee ufukweni alituambia kasa huwala. Ni kweli, aina kadhaa za kasa hula konyeza, na kasa ngozi karibu hali kitu kingine. Kwa sababu hiyo mfuko wa plastiki unaoelea ni hatari kwake, anaumeza akidhani ni chakula na unaziba utumbo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na kwenye ufukwe huu tofauti inaonekana, ingawa chupa bado zipo nyingi.

Alhamisi, Msimbati

Kutoka Mtwara hadi Msimbati ni njia ya mchanga baada ya Madimba, bodaboda ilizama mara kadhaa tukashuka kusukuma. Eneo hili liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Tulijitambulisha kwanza ofisini na kueleza kwamba hatutachukua kiumbe chochote. Kijana wa hapa, mvuvi wa pweza, alikubali kutuongoza ndani ya mikoko.

Maisha ya konyeza huyu yana sehemu mbili, na ya pili ndiyo tunayoiona. Dume humwaga mbegu majini, jike huyatunza mayai yaliyorutubishwa katikati ya mikono yake hadi yawe viluwiluwi vidogo vinavyoogelea, viitwavyo planula. Planula huogelea kutafuta pa kushika. Akishapata hugeuka polipu: kikonyo chembamba chenye kikombe juu na mikono membamba kuzunguka kinywa, urefu wa milimita chache tu. Polipu anaweza kukaa hivyo muda mrefu na kuzaana bila dume wala jike, kwa kuchipua vichipukizi vinavyojitenga, vikaogelea na kushika mahali pengine.

Ili awe konyeza anahitaji mambo mawili. Joto, na mwani. Haurithi mwani kutoka kwa mama yake, anaumeza kutoka majini. Asipoupata huendelea kuwa polipu tu. Akiupata, na maji yakiwa na joto, sehemu ya juu ya kikombe hubanwa kwa chini, hupanuka, huanza kupiga mapigo, na siku moja hukatika ikaogelea zake: konyeza mchanga. Konyeza wa mwezi hukata vingi kwa mpigo, vimepangana. Huyu hukata mmoja mmoja, na kikonyo kilichobaki huota mikono upya.

Lakini planula anashika wapi? Watafiti wa Karibiani waliwapa vitu mbalimbali, wakaona wanapenda majani ya mkoko yaliyooza, na kwamba kemikali zinazotoka kwenye jani linalooza ndizo zinazowaambia washike na wageuke. Mkoko wa kule si spishi ileile ya wetu, ila ni jenasi moja. Ndiyo sababu nilikuja Msimbati na lenzi ya mkono na sinia jeupe, na ndiyo sababu nisingekuwa na haja ya kutafuta mahali palipokatwa mikoko. Huyu mnyama anaonekana ni wa nyasi bahari na jua, lakini utoto wake unaning'inia kwenye jani lililoanguka kutoka mtini. Ukiikata mikoko kwa ajili ya mkaa au chumvi, konyeza wakubwa wataendelea kuonekana kwa muda, na mtu atasema hakuna kilichoharibika.

Tulifanya kazi kuanzia saa saba. Maji yalikuwa hayapwi sana tena, yalibaki magotini. Kijana wa pweza aliokota majani kwenye vidimbwi kati ya mizizi, ya manjano tukayarudisha, yaliyokuwa meusi na laini tukayaweka kwenye sinia na maji yake. Mpwa wangu alishika lenzi. Tuliona konokono wachanga, minyoo ya mirija myeupe, mayai ya kitu fulani yaliyopangwa mstari. Jani baada ya jani. Kijana aliacha kuuliza tunatafuta nini akaanza kuyageuza majani mwenyewe, upande wa chini kwanza.

"Mama mdogo. Hiki kinajikunja."

Upande wa chini wa jani, karibu na mshipa wa katikati, kilisimama kikonyo kisichofika milimita mbili, juu yake kikombe, na kuzunguka kikombe mikono myembamba iliyonyooka. Nilipolisogeza jani mikono yote ilirudi ndani kwa pamoja. Tukangoja. Ikatoka tena, mmoja, miwili, kisha yote. Ndani ya kikombe, mwanga ulipopita, kulikuwa na madoa ya kahawia ya dhahabu. Polipu wa konyeza wengi hana rangi hiyo. Huyu alikuwa ameshapata mwani wake.

Kwenye jani hilohilo kulikuwa na wengine, ukishajua umbo lake jicho linawakamata. Kijana wa pweza aliomba lenzi na hakuirudisha kwa muda mrefu. Aliuliza inachukua siku ngapi hadi akatike, nikamwambia inategemea joto la maji, ni majuma, si siku. Akauliza kama kikombe kikianza kupiga mapigo kabla hakijakatika kinaonekana kwa lenzi hii. Kinaonekana.

Kesho maji mafu yanaanza na hapa hapatapwa kiasi cha kufaa. Nimemwachia lenzi na sinia. Amelirudisha jani kwenye kidimbwi kilekile, amelizuia kwa kijiti, na amefunga utepe kwenye mzizi. Bamvua la mwezi mwandamo atakuja kulitazama, na ameahidi kumpigia mpwa wangu simu akiona kikombe kimeanza kubana.

Nauli ya kurudi Lindi nimeshalipa. Basi linaondoka alfajiri.